Dada wa Dirishani

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwenye ngazi za kituo chetu cha redio, mkono ukutani, pumzi juu juu, baada ya mlinzi kuninong'oneza: "Kuna mama hapo mapokezi. Anamtafuta Dada wa Dirishani."

Najua wapo waliocheka. Chekeni, ni haki yenu. Mimi sikucheka.

Kwa aliyelikosa gazeti, nimweke sawa kwa maneno machache. Mimi ni mtangazaji. Mjini wananiita Mama Salamu, kwa sababu nilianza kazi wakati kituo chetu kinaishi kwa kadi za salamu. Mtu ananunua kadi, anaorodhesha shangazi na wajomba zake wote, nasi tunawasoma mmoja mmoja mpaka koo linakauka. Katikati ya salamu tunatangaza misiba, mitihani iliyoahirishwa na vitambulisho vilivyookotwa. Siku moja nilimtangaza marehemu mtu ambaye bado yuko hai. Alikuja mwenyewe, amevaa koti, akauliza anazikwa saa ngapi ili asichelewe.

Mkuu wetu wa enzi hizo hakufoka. Alinituma kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule bwana, nikaomba radhi mbele ya mke na majirani.

Kisha kituo kikauzwa. Salamu zikafa, ukaja muziki. Wakaletwa vijana wanaoongea haraka kama wanaofukuzwa, na mimi nikabakizwa kusoma saa na hali ya hewa. Miaka tisa nilikuwa mtu wa jua na mvua. Halafu kila mtu akawa na nyimbo zake kwenye simu, wasikilizaji wakapukutika kama nywele za mgonjwa. Ndipo akaja meneja mpya tuliyembatiza jina la Takwimu, maana hata akikusalimia anataja asilimia.

Takwimu akasema: "Watu hawataki tena nyimbo. Wanataka kusikia watu." Akanipa kipindi cha simu, saa nne asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, mtu apige aseme lililo moyoni.

Siku ya kwanza hakupiga mtu. Siku ya pili alipiga mmoja, akauliza kama tunatengeneza redio zilizoharibika.

Siku ya tatu nikampigia mdogo wangu, ambaye ni msusi, nikamwambia ajifanye msikilizaji. Ndivyo alivyozaliwa Dada wa Dirishani: mke anayepiga simu akiwa amesimama dirishani, sauti ya chini, ili mama mkwe asisikie. Kwa miezi minne mji mzima ulimsikiliza. Mafundi waliweka nyundo chini, na wenye maduka wakawaambia wateja subirini kwanza.

Hiyo ndiyo dhambi niliyoungama wiki iliyopita. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimefungua mlango tu, chumbani sijaingia.

*

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Umri wake kama wangu, pengine chini kidogo. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri sana, mistari myembamba iliyonyooka, lakini sweta alikuwa ameivaa ndani nje. Mtu aliyesukwa vile havai hivyo ila kichwa kiwe mbali.

"Wewe ndiye Mama Salamu?" Akainuka. "Nilikuwa nakuletea kadi nikiwa shule. Uliwahi kuvisoma vibaya viti vya darasa letu ukaviita vita."

"Nisamehe, mama."

"Ah, tulicheka wiki nzima." Hapo hapo uso ukabadilika. "Dada yangu, sikuja kukuchosha. Nina ombi moja. Nataka nisikilize tena sauti ya Dada wa Dirishani. Taratibu, si ya kupita njia. Nyinyi lazima mnazihifadhi."

"Kwa nini?"

"Mume wangu amenitoa nyumbani. Anasema maneno ya redioni ni yangu."

Nilikaa. Sikukaa kwa adabu, niliangukia benchi.

"Watu hufananisha, mama," nikasema. "Ndoa zote zina jiko na sukari."

"Nisikilize kwanza." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mume wangu ni fundi saa. Ufunguo wa kabati la chakula alikuwa akiuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Asubuhi anafungua, anapima sukari kwa kijiko, anafunga. Dada wa Dirishani alisema hivyo?"

Alisema hivyo. Wiki ya kwanza.

"Mama mkwe analala sebuleni. Anajifanya kiziwi, lakini ukifunua sufuria jikoni anauliza kuna nini. Alisema?"

Alisema. Mji mzima ulikufa kwa kicheko siku ile.

"Wateja walianza kumtania pale kwenye meza yake. Mtu analeta saa, anauliza, 'Fundi, ufunguo hujambo?' Alivumilia. Ijumaa iliyopita akarudi mchana, hajawahi kurudi mchana, akaniambia nenda. Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alisema nenda tu, akashika mlango. Leo siku ya sita nalala kwa binamu yangu, watoto watatu wako kule, na wa mwisho ana mtihani wiki ijayo."

"Na wewe hukupiga simu."

"Nipige na nini? Nyumba nzima ina simu moja, inashinda kazini kwake." Akanisogelea. "Lakini yule anayepiga hakutunga. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu mimi. Na maisha yangu yote nimemwambia mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Msusi wangu."

Jamani. Mnakumbuka kazi ya mdogo wangu?

Miezi minne nilikuwa nikimsifu mdogo wangu kwa akili ya kutunga. Nilimwambia mama yetu kwamba huyu mtoto tungempeleka chuo angekuwa mwandishi mkubwa.

"Lakini siwezi kumtuhumu," yule mama akaendelea. "Amenisuka miaka sita. Nilipofiwa na mama yangu alikuja kunisuka nyumbani, akakataa hata chai. Ndiyo maana nataka nisikie kwanza. Nikisikia nitajua."

"Ngoja nimwone mtu wa mitambo," nikasema.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika thelathini na tano.

*

Mtu wetu wa mitambo tunamwita Waya. Ameziona zama zote tatu. Alifunga mikanda ya salamu, alizungusha santuri, sasa anaunganisha simu, na katika zama zote hizo ni nadra kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo.

"Waya, rekodi za Dada wa Dirishani. Zifute. Zote."

Hakugeuka. "Mwenyewe yuko chini?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye maneno."

Nikamtazama.

"Kila akipiga," Waya akasema, "nyuma yake nasikia mashine ya kukausha nywele. Nyumba gani hiyo, mama mkwe anakausha nywele kila siku saa nne?"

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya pili." Akakata waya kwa meno. "Kufuta naweza. Takwimu ana nakala. Alimpelekea mwenye kituo."

Nikatoa simu, nikampigia mdogo wangu. Alipokea akihema.

"Dada, umeme umekatika saluni, tumefungua milango, kelele za barabarani zinaingia, siwezi kupigia kule. Nakuja hapo kwenu. Nitapigia kwenye ile stoo ya santuri, hakuna anayeingia humo."

"Usije! Rudi!"

"Nirudi wapi? Niko ngazini."

"Ngazi zipi? Za mbele au za nyuma?"

"Za nyuma. Kwani kuna nini?"

Nilimshukuru Mungu, nikakimbia. Nilimkuta kwenye korido, nikamshika mkono, nikamsukuma stoo. Santuri za zamani zimerundikwa mle mpaka dirishani, mtu anasimama upande upande. Nikafunga mlango.

"Ufunguo wa shingoni uliutoa wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Usinichezee, mdogo wangu! Ufunguo, sukari, mama mkwe kiziwi. Ulitunga?"

Akainamisha kichwa. Kidole chake kikawa kinafuta vumbi kwenye jalada la santuri, polepole.

"Uliniambia niseme kitu," akasema. "Simu iko hewani, unaniuliza 'dada, una lipi moyoni,' mji mzima unasubiri. Mimi si mtu wa kutunga, dada. Likanijia la mteja wangu. Nikasema leo tu. Kesho yake ukanipigia ukasema watu wamependa, niendelee."

"Ulijua ni siri."

"Nilijua. Na wewe hukuniuliza."

Hilo lilinikaa. Ni kweli sikumuuliza. Mtu akikuletea asali kila asubuhi, huulizi mzinga ni wa nani.

"Yuko hapo chini," nikasema. "Mumewe amemfukuza."

Mdogo wangu alishika mdomo. Akashuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni kati ya santuri, miguu imekunjwa, kama alivyokuwa akikaa utotoni akivunja sahani.

"Kwa lipi?" akauliza. "Kwa lipi hasa? Maana mambo ya ufunguo yana miezi minne sasa. Mbona amemfukuza Ijumaa?"

Sikuwa nimelifikiria.

"Alhamisi nilisema nini?" akajiuliza mwenyewe. Kisha akainua macho, akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Dada. Alhamisi nilisema la sanduku."

Nami nikakumbuka.

Wiki ile Takwimu alikuwa amenisimamisha mlangoni. Wasikilizaji wameshuka asilimia kumi na moja, mwenye kituo amekasirika, lete kitu kizito. Nikaenda nyumbani, nikachukua daftari la mwanangu, nikaandika nyuma yake sentensi moja: Dada wa Dirishani ameshafunga sanduku, amelificha, anasubiri mtoto wa mwisho afanye mtihani, kisha anaondoka kimya kimya, hamwambii mtu.

Nikampa mdogo wangu aisome. Aliisoma vizuri sana.

Katika miezi minne yote, neno langu mimi lilikuwa hilo moja. Msiniulize nililitoa wapi. Mwanamke aliyewahi kulala akihesabu mbao za dari, mume anakoroma, anajua lilikotoka.

"Kaa humu," nikamwambia. "Usitoke, usipige simu, usikohoe."

*

Nilikuwa nimeshapanga. Nishuke, nimwambie yule mama ukweli wote pembeni, kisha tufuatane mpaka kwa mumewe. Nikiri kwa miguu yangu, kama zamani.

Nilipotoka stoo nikakutana na Takwimu kwenye korido. Ameshika mkono wa yule mama kama mtu anayepeleka bibi harusi.

"Mama Salamu! Mungu akitoa hatoi kwa kijiko! Umeshasikia kisa cha mama huyu?"

"Nimesikia. Niachie mimi, nazungumza naye chini."

"Chini kuna nini? Anakwenda hewani. Anamtafuta Dada wa Dirishani, na Dada wa Dirishani atapiga kama kawaida yake. Wawili kwa pamoja! Mji utasimama."

"Meneja, huyu mama ana shida ya kweli."

"Ndiyo uzuri wake."

Alilisema bila ubaya. Hilo ndilo lililonitisha.

Akanivuta kando, akashusha sauti. "Nisikilize. Mwenye kituo anasikiliza leo. Ijumaa anaamua. Yeye anataka habari za watu ziishe, anunue kompyuta, ipige nyimbo usiku na mchana. Hakuna mtangazaji, hakuna mhariri, hakuna Waya. Atabaki mlinzi na jenereta. Sisi ni watu kumi na tisa. Unataka kuwaeleza wewe?"

Nikamgeukia yule mama. "Si lazima uingie. Ukiingia, kila mtu atajua ni wewe."

"Tayari wanajua, dada," akasema. "Wanachosubiri ni kunisikia mwenyewe. Na yeye anasikiliza. Redio iko mezani kwake, kando ya koleo zake. Nikimpigia kwa simu ya binamu hapokei, lakini redio hawezi kuizima. Niacheni niseme naye."

Saa nne kasoro dakika mbili. Tukaingia.

*

Studio yetu ni ndogo, mazulia ukutani, meza moja, vipaza sauti viwili, na kioo kinachotutenganisha na Waya. Nilimvalisha yule mama vipokea sauti vya masikioni. Vikasukuma nywele zake nyuma, nikaiona mistari ile ya kusukwa, na nikajua mikono iliyoisuka. Ilikuwa nyuma ya ukuta, hatua nane.

Taa nyekundu ikawaka.

"Saa nne kamili," nikasema. Sauti ilitoka kwa mazoea tu. "Leo tuna mgeni studio. Mama, karibu."

Alizungumza vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakulia. Alisema yeye si Dada wa Dirishani, hajawahi kupiga simu, ana watoto watatu, anaomba kurudi kwake. Akasema, "Baba watoto, kama unanisikia, mtoto hawezi kufanya mtihani akiwa hivi."

Nyuma ya kioo Takwimu alikuwa akitazama taa za simu. Zote sita zilikuwa zinawaka. Alitabasamu, akanionyesha kidole gumba, kisha akaonyesha saa yake: Dada wa Dirishani yuko wapi?

Yule mama alinigeukia, kipaza sauti kiko wazi. "Mama Salamu, wewe unazungumza naye kila siku. Mwambie aseme yeye ni nani. Mwambie aniokoe."

Wasomaji wangu, nimesema uongo mwingi maishani, na mwingine niliusema kwa raha. Lakini kumtazama mtu machoni, amekaa umbali wa mkono, sweta ndani nje, anakuomba umwombee kwa mtu ambaye hayupo?

"Hawezi kukuokoa," nikasema. "Hayupo. Dada wa Dirishani si mtu. Nilimtunga mimi."

Waya aliinua kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameshtuka.

Takwimu alipiga kioo kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa inasema "Kata! Kata!" Waya akatazama mitambo, akatazama bosi wake, akakunja mikono kifuani. Hakukata.

"Yule mnayemsikia ni mtu ninayemjua, niliyempanga mimi," nikaendelea, maana ukishachana nguo huwezi kuichana nusu. "Mama huyu hana kosa. Kama mumewe ananisikia, na apige simu."

Waya akanyoosha kidole. Laini ya pili.

Nikabonyeza.

"Mimi ndiye fundi saa," sauti ikasema. Sauti nzito, ya mtu asiyezoea kusikilizwa. Nyuma yake zilisikika saa nyingi zikigonga, kila moja na mwendo wake.

Yule mama alishika ukingo wa meza.

"Fundi," nikasema, "umesikia. Si mkeo aliyepiga."

"Najua si yeye."

"Umejua sasa."

"Nilijua siku ya kwanza. Nimekaa na mke wangu miaka kumi na saba. Akikohoa chumba cha pili najua ni yeye. Ile sauti si yake."

Nilichanganyikiwa. "Basi kwa nini umemtoa?"

"Kwa sababu maneno ni yake." Nyuma yake saa moja ikalia. "Mama Salamu, mimi si mtu wa maneno. Saa ikiharibika, naifungua, naona ubaya uko wapi. Mke wangu alikuwa ameharibikiwa miaka mingi na nilikuwa sioni pa kumfungulia. Akiulizwa, anasema niko sawa. Ndipo ikaja hiyo redio yenu. Nikasema, kumbe. Kumbe ni ufunguo. Kumbe ni mama. Wateja walinicheka, nikawaacha wacheke, mimi nilikuwa nasikiliza nijue ninakosea wapi. Ufunguo niliuvua. Muulize."

Nikamtazama yule mama. Machozi yalikuwa yameanza, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Mwezi uliopita," akasema kwa sauti ya chini. "Aliutundika kwenye msumari. Nikadhani uzi umekatika."

"Haukukatika," fundi akasema. "Mama yangu nilimwambia aache kujifanya kiziwi. Sukari sipimi tena. Nilikuwa nasubiri Dada wa Dirishani aseme, jamani, siku hizi afadhali. Kila siku nasubiri. Badala yake Alhamisi akasema ana sanduku tayari, mtoto akimaliza mtihani anaondoka. Nikajua kumbe nimechelewa. Nikatafuta sanduku nyumba nzima, sikuliona, nikasema ameshalipitisha kwa watu. Basi nikamwambia aende. Sikutaka kukaa naye meza moja nikihesabu siku."

Hapo niliinuka kwenye kiti. Mtangazaji hainuki kipindi kikiwa hewani, mimi niliinuka.

"Fundi! Hilo ndilo la uongo! Nisikilize, nakuomba. Yale mengine yaliibwa, yana mwenyewe, na aliyeyaiba nitamleta kwako kwa mkono wangu. Lakini la sanduku ni langu. Niliandika mimi, nyumbani kwangu, nyuma ya daftari la mtoto, ili watu wasizime redio. Mkeo hana habari nalo. Sanduku halipo!"

Yule mama aliposikia neno kuiba aliinua macho kwenye kioo. Nikageuka nami. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale, kando ya Waya, mikono mdomoni, vumbi la stoo limemjaa magotini.

Walitazamana. Yule mama hakukunja uso. Alimtazama msusi wake kama mtu anayesoma jina kaburini, kisha akarudisha macho mezani.

"Halipo?" fundi akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa kama ya mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. "Mama watoto. Uko hapo? Ni kweli hakuna sanduku?"

Nilimshika bega. Nilitabasamu, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Niliona mwisho wa balaa langu. Takwimu alikuwa ameacha kupiga kioo, amesimama kama sanamu, na taa zote sita zinawaka.

Yule mama hakujibu.

Redioni ukimya ni sumu. Zamani tulifundishwa kwamba sekunde tano zikipita mtu anashika kitufe, atafute kwingine. Zilipita tano. Zikapita kumi. Saa za fundi zilikuwa zinagonga masikioni mwetu. Waya aliinua vidole kuniashiria niseme chochote. Sikuweza.

"Sanduku hakuna," yule mama akasema.

Nikashusha pumzi.

"Ni mfuko. Uko chini ya tenga la nguo chafu. Pale huwa huweki mkono wako."

Bega lake lilikuwa bado kiganjani mwangu. Nililiachia.

Akavua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akanigeukia. Alisahau kwamba kipaza sauti kiko mbele yake, au hakujali.

"Lakini hilo sikumwambia mtu," akasema. "Sikumwambia mama yangu alipokuwa hai. Hata yule pale," akaonyesha kioo kwa kidevu, "sikumwambia. Dada, wewe ulilijuaje?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya fundi saa ikatoka kwenye vipokea sauti vilivyolala mezani. Hakupaza sauti.

"Usitoke hapo. Nakuja."

Laini ikakatika.

Tulitazamana mimi na yule mama. Hakuna kati yetu aliyejua alikuwa anamwambia nani.